Mkuki wa Rais, Shoka la Mzee

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais wa Tanzania huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya upinde na mshale, na mzee anayewakilisha wapiganaji wastaafu wa Tanzania Legion huweka shoka. Buruji hulia, watu husimama kimya, viongozi wa dini huomba kila mmoja kwa taratibu za imani yake. Kwa miaka mingi haya yalifanyika Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Siku hizi Dodoma nayo imekuwa mwenyeji. Mahali hubadilika, umbo halibadiliki sana, na ni umbo hilo ninalotaka kulisoma hapa: nani anatoa, anatoa nini, na anampa nani.

Tuanze na vifaa. Gwaride zima limeshika bunduki, lakini bunduki haiwekwi mnarani. Zinazowekwa ni silaha za mababu, na mkuki, ngao na shoka vimo pia katika Nembo ya Taifa. Uteuzi huu una akili. Kwa mkuki mmoja, mpiganaji wa vita vya Majimaji vya mwaka 1905 na askari wa vita vya Kagera dhidi ya Uganda vya mwaka 1979 wanafanywa ukoo mmoja, na hakuna anayelazimika kueleza nani alipigana chini ya bendera ipi. Shada la maua, desturi iliyotufikia kutoka Ulaya, limewekwa mkononi mwa mgeni. Sijui kama aliyepanga aliwaza hivyo, ila kwa msomaji wa umbo limekaa mahali pake barabara.

Uteuzi huo una gharama. Silaha za mababu hufuta tarehe. Aliyevuka Mto Kagera hakwenda Kampala na upinde. Alikwenda na bunduki na mizinga, akaacha nyuma shamba, karakana au darasa. Anapoingizwa katika mkuki anapata heshima ya kale na kupoteza habari zake mwenyewe. Hadithi yake inakuwa ya watu wote, na ya watu wote ni rahisi kuisimulia bila kumtazama yeye usoni.

Hapo ndipo shoka linaponisimamisha. Katika orodha yote ile, mzee wa Legion ndiye anayewakilisha waliokwenda vitani wakarudi. Mtu angetarajia sherehe igeuke kidogo imwelekee yeye. Haigeuki. Naye anatembea hadi mnarani, anaweka shoka lake, anatoa heshima, anarudi kitini. Ameingia katika tukio kama mtoaji. Rais anawashukuru waliokufa, mabalozi wanawashukuru waliokufa, na mzee huyu naye anawashukuru waliokufa. Nafasi ya mpokeaji imejaa marehemu pekee. Hotuba zinaweza kuwataja walio hai, na huwataja, lakini hotuba hupita na upepo. Kinachojirudia kila mwaka ni mwendo wa miguu na mikono, na katika mwendo huo aliyerudi hai hapewi kitu.

Umbo hili halikuanza na sisi. Pale makutano ya mitaa ya Samora na Maktaba, Dar es Salaam, kuna askari wa shaba aliyesimamishwa na Waingereza mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Ni sanamu nzuri, tusione haya kusema. Mwili umeinama mbele, bunduki imetangulia, singe imeelekezwa bandarini. Lakini mtazame vizuri: ameganda katika hatua ya kwenda. Hakuna chochote mwilini mwake kinachodokeza kurudi, wala mzigo, wala uchovu, wala uso uliogeukia bara walikotoka askari wengi.

Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha hati za Kilatini na za Kiarabu, yanahusishwa na Rudyard Kipling. Yanawataja askari na wapagazi, hao wa pili wakiitwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanamgeukia msomaji na kumpa ahadi yenye sharti: akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nafsi ya pili hapo inafanya kazi kubwa. Mwajiri wa vita anatoa ahadi, ila deni la kuilipa anawatwika watoto wa marehemu. Na jina linaloahidiwa halimo. Mnara wote hauna hata jina moja la askari wala mpagazi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na huenda wengi zaidi, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Wananchi nao wana umbo lao la kushukuru. Vita vya Kagera vilipoanza walichangia ng'ombe, vyakula na magari, na jeshi lilijaa mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) waliokuwa jirani zao. Shukrani ya watu wa namna hiyo ni kigelegele. Hakina maneno, hakiulizi cheo, hutoka kooni mwa mama mmoja kikadakwa na wengine, na sharti lake kuu ni kwamba anayepigiwa awepo. Huwezi kulipigia wazo kigelegele. Unampigia mtu anayeshuka kwenye lori. Kwa kipimo hicho kinaushinda mkuki wa Rais. Lakini nacho hukatika upesi. Hakijui kuuliza kuhusu mguu uliobaki Uganda, wala malipo ya uzeeni ya mgambo aliyerudi kulima. Na tusijidanganye, kigelegele hichohicho huwapokea hata wagombea ubunge.

Desemba 2017 ilituonyesha tena tunachokiweza. Askari wetu 14 wa kulinda amani waliouawa kambini huko Kivu Kaskazini, Kongo, tarehe 7 mwezi huo walirudishwa katika majeneza yaliyofunikwa bendera, na taifa lilisimama kama inavyostahili. Wenzao waliokuwa nao katika kambi ileile walirudi baadaye, bila nchi kusimama.

Ombi langu kwa wanaopanga ratiba ya 25 Julai ni dogo. Msiondoe mkuki wala shada. Baada ya mzee kuweka shoka, asirudi kitini mara moja. Abaki amesimama, na majina ya wapiganaji walio hai wa mkoa mmoja yasomwe kwa sauti, kila mwaka mkoa wake, huku wenyewe wakiwa wamekaa mstari wa mbele na wajukuu zao. Kijana aliyeingia Uganda mwaka 1979 akiwa na miaka 20 alizaliwa mwaka 1959. Orodha hiyo ianze kuandikwa mwaka huu.