Buti ya Kauboi Inavyopimwa Mguuni

Buti ya kauboi haina kamba, haina zipu wala bizimu. Kinachoishikilia mguuni ni umbo lake peke yake: ngozi iliyovutwa juu ya kalibu, ikashonewa soli, ikabaki na sura ya kalibu hiyo. Mnunuzi wa kiatu cha kamba akikosea kidogo hukaza au hulegeza, mambo yakaisha. Wa buti hii hana pa kukaza. Kwa hiyo kuichagua kunahitaji vipimo kuliko macho, na vipimo vyenyewe havifuati mazoea ya viatu vya kawaida.

Umbo hilo lilitokana na kazi. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, wachungaji walianza kuswaga makundi makubwa ya ng'ombe kutoka Texas hadi vituo vya reli vya Kansas. Hatari mojawapo ya mpanda farasi ilikuwa kuanguka mguu ukiwa umenasa kwenye kikuku, kisha kuburutwa. Kisigino kirefu kilizuia mguu usipenye kikuku, soli laini ya ngozi ilirahisisha kuutoa, na kukosa kamba kuliacha nafasi ya mguu kuchomoka buti ikibaki imenasa. Shingo ndefu ilikinga miiba. Buti ilitakiwa imshike mtu anapotembea na imwachie anapoburutwa. Matakwa hayo mawili yanapingana, na ufundi wote wa kuipima umo katika kuyapatanisha.

H. J. Justin alianza kazi ya buti mwaka 1879 huko Spanish Fort, Texas, karibu na mto Red, ambako ng'ombe walivushwa kwenda kaskazini. Baadaye familia yake iliandaa karatasi ya maelekezo na utepe ili mteja wa mbali ajipimie mwenyewe na kuagiza kwa posta. Hadi leo fundi anayeshona kwa oda huchora unyayo kwenye karatasi, kisha huzungusha utepe kwenye viungo vya vidole, katikati ya unyayo, kwenye mgongo wa mguu, kutoka kisigino kupita juu ya mgongo huo, na kwenye shavu la mguu. Karibu vyote ni vipimo vya mzunguko; urefu hauna uzito ambao wanunuzi wengi huupa.

Mgongo wa mguu, yaani mwinuko ulio kati ya vidole na kifundo, ndio unaofanya kazi ya kamba. Hapo buti inapaswa kubana sawasawa pande zote bila kuumiza. Dalili hupatikana wakati wa kuvaa: mvaaji akishika vishikio viwili vya juu na kuvuta, mguu hukwama kidogo kwenye mkunjo wa shingo, kisha kisigino hutumbukia mahali pake kwa mara moja, mara nyingi kwa mlio. Mguu ukiteleza hadi chini bila kukwama popote, buti ni pana mno juu na itachezacheza kila hatua. Ikibidi kupigana nayo, au mguu ukianza kufa ganzi baada ya dakika chache, ni nyembamba mno. Kati ya kasoro hizo mbili, mbano mdogo ndio wenye matumaini, kwa sababu ngozi hutanuka kwa upana na soli ya ndani hudidimia kadiri inavyokanyagwa. Buti iliyolegea dukani italegea zaidi nyumbani.

Jambo la pili ni kiungo cha dole gumba. Buti ina sehemu yake pana zaidi, na hapo ndipo soli inapokunjika; nyuma yake, chini ya uvungu wa unyayo, kuna kipande kigumu, aghalabu cha chuma, kinachozuia soli isipinde. Kiungo kikikaa sawa na sehemu hiyo pana, mguu na buti hukunjika pamoja. Kikitangulia mbele, buti ni fupi. Kikibaki nyuma, ni ndefu, hata kama vidole havijagusa popote. Kifaa alichobuni Charles Brannock huko Syracuse, New York, katika miaka ya 1920 hupima mambo yote mawili: kisigino hadi ncha ya kidole, na kisigino hadi kiungo. Vipimo viwili vikitofautiana, huchukuliwa kilicho kikubwa. Watu wawili wenye nyayo za urefu mmoja wanaweza kuhitaji namba tofauti, kwa kuwa mmoja ana vidole virefu na mwingine vifupi.

Kisigino ndicho huwatisha wanaoanza. Buti mpya inayokaa vizuri huacha kisigino kipande na kushuka kiasi cha nusu sentimita hadi sentimita moja, na wengi huirudisha rafuni kwa sababu hiyo, wakachukua ndogo itakayowaumiza. Sababu ya mwendo huo ni ugumu wa soli: mguu unakunjika, soli bado haijui kukunjika. Ikishalainika kwa kuvaliwa, kisigino hutulia. Kisichopanda hata kidogo katika buti mpya kinaonyesha kwamba buti ni fupi au imebana. Kinachopanda kupita sentimita moja na nusu kinatoka kwenye mgongo uliolegea, na mpango wa kuvaa soksi mbili hautakiponya.

Ncha iliyochongoka haibani vidole kwa lazima, maana kwa kawaida vidole huishia kabla ya uchongo na mbele hubaki uwazi. Kipimo ni kama vidole vinalala bapa na kuchezeka. Mwenye vidole vilivyotandaa atafute ncha ya mviringo au ya mraba. Kisigino cha kupandia farasi hufikia takriban sentimita 5, nacho husukuma mguu mbele. Kadiri kilivyo kirefu, ndivyo mgongo unavyopaswa kushikwa vizuri zaidi. Shingo iache nafasi ya kidole kimoja au viwili kwenye shavu la mguu, kwani shingo iliyobana huuvuta mguu juu na kuleta dalili ya uongo kisiginoni.

Namba zinahitaji uangalifu Afrika Mashariki, ambako viatu vingi huuzwa kwa namba za Ulaya au za Uingereza. Buti hizi huandikwa namba za Marekani, na kwa wanaume namba ya Marekani huzidi ya Uingereza kwa takriban moja: aliyezoea 8 ya Uingereza aanze na 9. Namba nzima ya Marekani ni theluthi moja ya inchi, kama milimita 8.5. Herufi inayofuata namba ni ya upana: D ni wastani kwa mwanamume, EE ni pana, na B ni wastani kwa mwanamke. Mwenye mguu mpana abadilishe herufi. Akipanda namba badala yake, upana utatosha lakini kiungo kitahama kutoka mahali pake, na kosa la pili litakuwa kubwa kuliko la kwanza.

Kujaribu kufanyike alasiri, miguu ikiwa imevimba kwa shughuli za mchana, kwa soksi zilezile zitakazovaliwa, buti zote mbili zikiwa mguuni, kwenye sakafu ngumu. Mguu mkubwa ndio unaoamua. Ngozi ya mbuzi na ya mbuni hulainika mapema. Ya taa wa baharini karibu haitanuki kabisa, hivyo ikae vizuri tangu siku ya kwanza. Desturi ya kulowesha buti na kuivaa hadi ikauke huharibu ngozi na soli ya ndani, na haifai. Fundi anaweza kupanua sehemu ya viungo kwa kalibu ya kutanulia, kuongeza soli nyembamba ya ndani pale mgongo ulipolegea kidogo, au kubadilisha soli na kisigino. Urefu hawezi kuugusa: soli ya ndani imeshakatwa, na ngozi imeshonwa kuizunguka.