Taj Mahal: Kaburi Lililosahauliwa Kuwa ni Kaburi

 

Ndugu wasomaji, watu wa pwani yetu wengi siku hizi huenda India kwa matibabu. Hukaa huko wiki mbili tatu wakingoja vipimo na majibu ya daktari, na katika siku hizo za kungoja hujiwa na mtu akawaambia: "Mmefika Delhi, mtarudi kwenu bila ya kuiona Taj Mahal?" Gari ipo, dereva yupo, mtembeza wageni atawapokea kule Agra, mtatoka alfajiri na usiku mtalala kitandani mwenu. Wengi hukubali. Nami nilikubali, kwa kuwa mke wangu alikuwa amekwisha kupimwa na tumeambiwa tungoje siku tatu, na kukaa chumbani mtu akihesabu saa ni maradhi juu ya maradhi.

Nataka kuandika juu ya safari hiyo. Sikusudii kusifu uzuri wa jengo, maana walioushuhudia wamekwisha kuusifu wakachoka. Nakusudia kuipima safari yenyewe: tunapelekwa kuona nini, tunaambiwa nini, na ni lipi tunalopitishwa mbele yake tusiambiwe.

NJIANI

Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri: mimi, mke wangu na mwanetu wa kiume aliyekuwa akitufasiria. Iko barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012, urefu wake kilomita 165, inayotoka pembezoni mwa Delhi mpaka Agra, imenyooka kama uzi. Pamoja na foleni za mjini, tulikwenda kiasi cha saa nne. Dereva alikuwa mtu mtulivu, akiombwa kusimama husimama, wala hakutudai zaidi ya tulichopatana. Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Gari haziruhusiwi kufika mlangoni. Huachwa mbali, na wageni hupandishwa vigari vya umeme, kwa sababu moshi huibadilisha rangi marumaru. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India iliviamuru viwanda vya jirani ama viache kutumia makaa ya mawe ama vihame. Hilo ni jambo jema. Jiwe limepata wa kulilinda. Taabu yangu ni yale yaliyoandikwa juu ya jiwe.

MANENO YA MTEMBEZA WAGENI

Mtembeza wageni alitupokea kwenye vigari. Alikuwa kijana nadhifu, ulimi wake mwepesi. Alianza kusimulia tangu tulipopanda, na kisa chake kilikuwa hiki: mfalme Shah Jahan alimpenda mno mkewe, mke akafa, mfalme akajenga kaburi hili kwa mapenzi, lilipokwisha akawakata mikono mafundi wasije wakajenga mfano wake, akataka kujijengea jingine jeusi ng'ambo ya mto, mwanawe akamfunga, naye akabaki dirishani akilitazama kaburi la mpenzi wake mpaka akafa.

Katika maneno hayo iko kweli na uko uzushi, na Muislamu hapaswi kuvichanganya. Kweli ni kwamba Arjumand Banu, aliyeitwa Mumtaz Mahal, alifariki mwaka 1631, yaani 1040 Hijria, katika mji wa Burhanpur, akimzaa mtoto wake wa 14. Kweli ni kwamba ujenzi ulianza mwaka uliofuata, na kiwanja chote kikakamilika karibu na mwaka 1653. Na ni kweli kwamba Shah Jahan alifungwa na mwanawe Aurangzeb katika ngome ya Agra tangu 1658 mpaka alipokufa 1666.

Ama kukatwa mikono mafundi, hakuna ushahidi wa mtu wa zama zile. Na akili nayo yakataa, maana katika miaka ile ile mfalme huyo alikuwa akijenga mji mzima huko Delhi, pamoja na Msikiti wa Ijumaa uliokwisha mwaka 1656. Je, mwenye kazi kubwa kama hiyo huwakata mikono wajenzi wake? Na lile kaburi jeusi, wataalamu wamechimba ng'ambo ya mto wakakuta bustani na birika la maji, hawakukuta msingi wa kaburi.

Huenda mtu akasema, "Sheikh, hadithi tu hizo za kuwafurahisha wageni." Ndugu yangu, kumbandika maiti Muislamu dhulma ya kukata mikono ya watu wasio na hatia, bila ya shahidi hata mmoja, ni kumsingizia. Aliye hai hujitetea. Aliye kaburini atajitetea vipi? Nasi tulilipa tukasimama juu ya kaburi lake tukasikiliza singizio, na wengine wakacheka.

YALIYOANDIKWA UKUTANI

Sasa nije kwenye shina la maneno yangu.

Lango kuu la Taj limezungushiwa maandishi ya Kiarabu, jiwe jeusi ndani ya marumaru nyeupe. Mtembeza wageni alitusimamisha hapo akatuonyesha ustadi: kwamba herufi za juu ni kubwa kuliko za chini, ili anayetazama kutoka chini azione zote sawa. Ni kweli, na ni ustadi mkubwa. Mwandishi wake ni Amanat Khan, mtu wa asili ya Shiraz, na jina lake limo katika jengo. Lakini baada ya kutuonyesha ukubwa wa herufi, kijana alitwambia twende mbele tukapige picha. Hakutwambia zinasema nini.

Nilimuuliza, "Mwanangu, pale pameandikwa nini?"

Akasema, "Ni aya za Kurani, bwana."

"Zipi?"

Akacheka kwa adabu, akasema, "Wageni hawaulizi hilo."

Pale langoni ni Suratul Fajr. Kila aliyesoma chuoni anaijua sura hiyo inavyotaja mataifa yaliyojenga majumba makubwa na nguzo ndefu na jinsi yalivyoangamizwa, kisha ikamsema anayekula mirathi na kupenda mali kupita kiasi, mpaka ikaishia na nafsi iliyotulia inapoitwa irejee kwa Mola wake na iingie Peponi. Mwenye jengo ameyaweka maneno hayo mlangoni, mahali ambapo hapana budi upite. Mgeni anayepita hapo bila ya kuambiwa ni kama aliyeingia nyumba ya watu bila ya kuitika salamu.

Tulipokaribia kuba lenyewe, mke wangu, ambaye hakusoma ila chuo cha mtaani kwetu, alisimama mbele ya tao kubwa la kusini akakazia macho sehemu ya chini mkono wa kulia. Kijana alikuwa akieleza habari za mapenzi. Mke wangu akanivuta kanzu, akasema, "Mwalimu, hebu tazama pale. Si Yasini ile?"

Nikatazama. Wallahi ilikuwa Yasini. Sura ile imeandikwa kuyazunguka matao manne ya nje, kusini, magharibi, kaskazini na mashariki. Sura tunayowasomea wagonjwa wetu wanapokata roho, tunayoisoma majumbani usiku wa kuamkia Ijumaa kwa kuwarehemu wazee wetu, ndiyo hiyo iliyoandikwa pale kwa herufi za mtu kuziona kutoka mbali. Na mamia ya watu walikuwa wakiipa mgongo ili ionekane nyuma yao katika picha. Tulisimama tukaisoma, yeye kwa moyo nami kwa kufuata ukuta, mpaka kijana akaja kutuhimiza kwamba saa zinakwenda.

NDANI YA KUBA

Tangu mwaka 2018 imewekwa ada ya ziada, rupia 200 wakati huo, kwa anayetaka kuingia ndani. Humo kupiga picha hakuruhusiwi. Lakini kijana alitoa tochi akaimulika akiki nyekundu ikang'ara kama kaa la moto, na watu wakapaza sauti ili wausikilize mwangwi wa kuba.

Mwangwi ule una habari yake. Zama za wenyewe waliwekwa mahafidhi wa kusoma Kurani humo, na mapato ya vijiji 30 pamoja na ya masoko ya jirani yalifanywa wakfu kwa ajili ya kulitunza kaburi na wanaolihudumia. Mahali palipokuwa pakisikika Kurani leo panasikika kelele za kujaribu sauti.

Mgeni haambiwi pia kwamba makaburi anayoyaona ni alama tu. Yale ya kweli yako chini, katika chumba kinachofungwa, nacho hufunguliwa kwa siku chache za mwezi wa Rajab, wanapomfanyia Shah Jahan hauli yake. Wala haambiwi kwamba jengo la mawe mekundu lililo upande wa magharibi ni msikiti, kwa kuwa kibla cha India ni magharibi, na jengo la mashariki linalofanana nalo ni la kusawazisha tu, halina mihrabu. Kijana wetu alisema ni "majengo ya pembeni". Msikiti ule haujafa. Siku ya Ijumaa Taj hufungwa kwa watalii, na husaliwa sala ya Ijumaa na wakazi wa Agra peke yao. Mahakama ya Juu mwaka 2018 ilikataa kuwaruhusu wasio wakazi.

Kisha lile neno "mapenzi". Sikatai kwamba mume alimpenda mkewe. Kumpenda mke ni katika sunna. Lakini mwanamke huyu alikufa na uzazi, na sisi tumefundishwa na Mtume wetu, S.A.W., kwamba mwanamke afaye kwa uzazi ana daraja ya shahidi. Basi aliyelala pale ni mama wa watoto 14 aliyekufa akizaa. Mwenye kumjua hivyo humwombea dua. Mwenye kumjua kwa kisa cha mapenzi tu humpiga picha akaondoka.

WA KULAUMIWA NI NANI?

Sisemi kwamba jengo lenyewe halina la kuulizwa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamechukia kujengea makaburi, na mali ya raia kumiminwa juu ya kaburi moja ni jambo zito. Hesabu yake iko kwa Mola. Lakini mwenye kujenga hakuficha mauti. Ameyaandika mlangoni na kwenye matao. Waliokuja baada yake ndio walioyafunika kwa porojo.

Wala simlaumu sana yule kijana. Yeye muuza maneno, na muuza huuza kinachonunuliwa. Ndani ya kuba tulikaa dakika chache. Katika duka la marumaru alilotupeleka bila ya kutuuliza, tulikaa saa nzima tukinyweshwa chai na kubembelezwa tununue meza. Adhuhuri ilitupita humo humo. Mimi niliyezoea kuwakemea vijana kwa kuchelewesha sala nilikuwa nimekaa kitini nikitazama sinia za mawe. Tukazisali Adhuhuri na Alasiri pamoja kwa kukusuru, kando ya njia, jua limeinama. Rukhsa ya msafiri ipo, alhamdulillahi, lakini mimi najua nafsini mwangu kwamba haikuwa safari iliyonichelewesha.

Basi lawama kubwa ni yetu sisi tunaojua kusoma. Mgeni asiyejua Kiarabu ana udhuru. Sisi tumepigwa fimbo chuoni mpaka tukazijua herufi, kisha tunasimama mbele ya Yasini tunauliza choo kiko wapi na picha ipigwe upande gani.

Na jambo hili haliko India peke yake. Hapa kwetu Gede, karibu na Malindi, liko kaburi lenye tarehe 802 Hijria, yaani mwaka 1399. Watalii huletwa kwa gari kutoka mahotelini wakazungushwa, nasi tunapowapeleka watoto wetu huwaambia, "Tazameni magofu ya kale." Mwenye kaburi lile ni Muislamu wa pwani hii hii, naye anangoja salamu kama wazee wetu wanavyongoja.

NASAHA

Kutembea ardhini na kutazama mwisho wa waliotangulia ni jambo tulilohimizwa, na kuzuru makaburi kumekokotezwa kwa kuwa kunakumbusha Akhera. Kwa hiyo simwambii mtu asiende. Nasema, akienda:

Kwanza, apatane na mtembeza wageni kabla ya kutoa pesa: wakati wa sala tutasimama, na dukani hatuendi ila tukitaka wenyewe.

Pili, asome habari za mahali kabla ya kufika, ili ajue kutenganisha kweli na uzushi.

Tatu, akifika kaburini atoe salamu na aombe dua kwanza. Picha haikimbii.

Nne, akiona maandishi asimame ayasome, na watoto wake wawepo wamsikie.

Majibu ya daktari tuliyapata siku ya tatu, na yalikuwa ya kheri. Tangu turudi nyumbani, kila usiku wa kuamkia Ijumaa mke wangu akimaliza Yasini huwataja marehemu wake mmoja mmoja, mama yake, dada yake, shangazi zake. Na mwishoni humwongeza Arjumand Banu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wafu wetu na atupe macho ya kusoma tunayoyaona. Wabillahi tawfiq.