Ufundi wa Kuweka Kiungo

Kuweka kiungo kwenye maandishi ya mtandaoni kunaonekana jambo dogo. Unachagua maneno mawili matatu, unayapa anwani, yanageuka buluu, basi. Mimi nauhesabu kuwa ufundi kamili, wenye adabu zake, na unaniuma unavyopuuzwa siku hizi.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wavuti. Mwaka 1945 Mmarekani Vannevar Bush alieleza mashine ya kufikirika aliyoiita memex, ambayo msomaji angeitumia kuunganisha waraka na waraka na kuwaachia wengine njia ya kufuata. Katika miaka ya 1960 Ted Nelson alitaka makubwa zaidi: viungo vya pande mbili, visivyokatika, kila ukurasa ukijua nani anauelekezea. Ndoto nzuri, nami bado naitamani. Aliyefanikiwa, hata hivyo, ni Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Watafiti walikuja pale, wakakaa miaka michache, wakaondoka na walichokijua. Machi 1989 akaandika pendekezo la kuziunganisha kumbukumbu zao. Mkuu wake, Mike Sendall, aliandika juu ya karatasi hiyo kwamba halijakaa wazi, lakini linasisimua.

Berners-Lee alikubali jambo ambalo Nelson hakulitaka: kiungo kiende upande mmoja tu. Hapo ndipo siri ilipo. Mwalimu wa Songea anaweza kuwaelekeza wanafunzi wake kwenye makumbusho ya London bila kuandika barua wala kusubiri muhuri wa mtu. CERN ilipoiachia teknolojia hiyo bure kwa wote, tarehe 30 Aprili 1993, wavuti ikaenea. Gharama yake tunailipa hadi leo: mwenye ukurasa akiuhamisha au kuufuta, viungo vyote vya watu wengine vinabaki vikielekeza patupu. Mwaka 2024 Pew Research Center ilieleza kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo 2013 hazikupatikana tena baada ya miaka kumi.

Fundi mzuri anaandika akiyajua hayo. Haandiki "kwa matokeo ya sensa bofya hapa". Anakiweka kiungo juu ya maneno "matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022", ili msomaji ajue anakokwenda kabla hajabofya. Asiyeona, anayesikiliza ukurasa kwa programu ya kusomea skrini, mara nyingi huita orodha ya viungo peke yake. Akisomewa "hapa, hapa, hapa", ameambulia nini? Fundi huyo pia hafungi kiungo kwenye gazeti lililonukuu gazeti jingine. Anakwenda hadi kwenye ripoti yenyewe. Kisha anaihifadhi nakala yake kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za wavuti, ili anwani ikifa, ushahidi usife nayo.

Kiungo ninachokipenda kuliko vyote ni kile chekundu cha Wikipedia ya Kiswahili. Mwandishi ameona jina la mji au la mshairi linastahili makala, nayo haijaandikwa. Analifungia kiungo hivyo hivyo, na wekundu wake unamwita mwingine aje aiandike.

Mambo yanageuka sasa. Muuza nguo wa Kariakoo anaandika "linki ipo kwenye bio" kwa sababu maelezo ya picha yake Instagram hayageuzi anwani kuwa kitu cha kubofya. Programu kubwa zinapenda tubaki ndani mwao. Nayo mitambo ya akili mnemba inatupa jibu lililokwisha kupikwa, mara nyingi bila kutuonyesha nani aliyetoka kwenda kuuliza, kupima na kuandika. Hilo naliona hatari kuliko viungo vinavyokatika. Kiungo kilichokatika angalau kinakiri kwamba kulikuwa na chanzo. Jibu lisilo na chanzo halikupi pa kwenda kulipinga.

Kwa hiyo wewe unayeandika, iwe blogu, taarifa ya shirika au ujumbe mrefu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, onyesha ulikolitoa neno lako. Na ukiihamisha tovuti yako, acha anwani za zamani zikiwaelekeza watu kwenye mpya, maana wapo waliokuamini wakakuelekezea wasomaji wao.