Beti si Utenzi: Santuri ya Marvin Gaye

Nyimbo tatu za What's Going On, santuri ya Marvin Gaye iliyotoka Marekani mwaka 1971, ziliuzwa pia mojamoja katika santuri ndogo, na kila mmoja ukaingia miongoni mwa nyimbo 10 za mbele nchini humo. Lakini azisikiaye hivyo amesoma beti, hakusoma utenzi. Katika santuri kubwa nyimbo nyingi hazitengwi na kimya, bali humiminikiana. Askari arudiye kutoka Vietnam, hewa iliyochafuka na ufukara wa mjini huwa shtaka moja. Mwishoni, Inner City Blues huurejea wimbo wa kwanza: yaliyolalamikiwa yangaliko. Santuri ndogo ilifupishwa, marejeo hayo yakaachwa. Ikabaki huzuni ya mtu mmoja, shtaka la umma likapotea.