Kabla Hujang'oa Dirisha la Zamani Dodoma

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, mafundi aluminiamu hawapumziki. Nyumba za zamani za Area C, Area D na Chang'ombe zinabadilishwa sura, na dirisha ni miongoni mwa vitu vya kwanza kung'olewa. Linatoka la chuma lililoshika kutu au la mbao lililopinda, linaingia la aluminiamu la kusukuma pembeni, lenye kioo cha rangi. Nyumba inapendeza. Ikifika Oktoba, familia inalalamika kwamba vyumba vimekuwa na joto kuliko zamani, na malalamiko hayo yana msingi. Dirisha la zamani lilikuwa na kazi zake, na nyingi hazikuhamishiwa kwenye jipya.

Wagogo waliijua hali ya hewa ya uwanda huu kabla ya saruji kufika. Tembe ilijengwa chini chini, paa lake bapa la udongo, kuta nene za miti na udongo, na matundu machache madogo au hakuna kabisa. Mchana kuna jua kali na upepo wenye vumbi, usiku kuna baridi, hivyo ukuta na paa vilibeba kazi yote na tundu likabaki dogo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipopitishwa mwaka 1973, na mpango mkuu wa mji ukakamilishwa mwaka 1976 na kampuni ya Kanada, nyumba zilizofuata zilikuwa za matofali na paa la bati au vigae. Joto lake lilidhibitiwa kwa njia nyingine: madirisha yanayofunguka nje kwa bawaba, luva za vioo, na matofali ya matundu karibu na dari. Hivyo vitu vitatu ndivyo tunavyoving'oa au kuviziba leo.

Chukua dirisha la upana wa sentimita 150 na kimo cha sentimita 120. Eneo lake ni mita za mraba 1.8. Likiwa la bawaba, ukilifungua lote, karibu eneo lote hilo linapitisha hewa, ukiacha fremu. Weka la kusukuma lenye vioo viwili: kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine, kwa hiyo huwezi kupata zaidi ya mita za mraba 0.9, na fremu inakula sehemu ya hiyo. Ongeza wavu wa mbu, nao unapunguza upepo tena. Mwenye nyumba amelipa fedha nyingi na njia ya hewa imepungua kwa nusu bila mtu yeyote kumwambia.

Hapa Dodoma hasara hiyo ni kubwa kuliko Dar es Salaam. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni kavu, hivyo joto la mchana huondoka haraka jua likizama. Oktoba na Novemba mchana hufika nyuzi 31 hivi, lakini usiku hupoa vizuri. Saa saba mchana hewa ya nje ina joto kuliko ukuta wako wa ndani, na ni heri kufunga. Kuanzia saa mbili usiku mambo yanageuka: ukifungua wazi, upepo unafagia joto lililojikusanya ukutani na asubuhi unaamka nyumba imepoa. Dirisha la Dodoma hufanya kazi yake kubwa usiku. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza fundi ni hili: je, nitaweza kulilaza wazi usiku kucha, mbu wasiingie na mwizi asiingie, na litakuwa wazi kwa kiasi gani?

Ukiweza, chagua la bawaba hata kama ni la aluminiamu. Mafundi wanalitengeneza, ila linahitaji bawaba nzuri na grili iwekwe kwa ndani ili kioo kisigonge. Ukipenda la kusukuma, omba reli tatu zenye vioo vitatu, ambalo hufunguka theluthi mbili, na wavu uwe na fremu yake.

Linalofuata ni upande. Jiji liko kwenye nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita juu sana. Juni hutupiga kutoka kaskazini likiwa kwenye nyuzi 60 hivi, na upenu wa sentimita 60 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 1 ukutani. Desemba hutoka kusini, likiwa juu zaidi, na kivuli hukaribia mita 2. Madirisha ya kaskazini na kusini, basi, yanalindwa na upenu wa kawaida. Ya mashariki na magharibi hayana ulinzi huo. Jua la saa kumi jioni huingia likiwa limelala, likivuka chini ya upenu wa kawaida, na kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto hilo. Kioo cha rangi hupunguza, lakini chenyewe hunyonya joto na kulirudisha chumbani. Tena kile cha kuakisi humficha mtu mchana tu. Usiku ukiwasha taa, aliye nje anakuona vizuri.

Ukuta wa magharibi unahitaji kivuli cha nje: kibaraza, mwarobaini, kivuli cha mbao. Joto likishapita kwenye kioo, pazia la ndani limechelewa. Upande wa mashariki una jua la asubuhi, lakini ndiko upepo wetu mkuu unakotoka, mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo usiuzibe. Upe mwanya wa kuingilia hewa na upande wa pili mwanya wa kutokea. Vioo viwili vyenye hewa katikati, vinavyosifiwa Ulaya, vilibuniwa kuzuia joto lisitoke kwenye nyumba iliyofungwa miezi mingi. Kwa nyumba inayofunguliwa kila usiku, fedha hiyo iende kwenye kivuli.

Sasa vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma hubeba vumbi laini linaloingia kwenye reli ya chini na kutulia humo. Magurudumu husaga mchanga, dirisha huanza kukwama, mtu husukuma kwa nguvu, na gurudumu huvunjika. Kisha inakuja mvua ya Desemba. Reli ya chini ina vitundu vya kutolea maji nje. Vumbi likishakuwa tope, vitundu vinaziba, reli inajaa, na maji yanamwagikia ndani hadi kwenye lipu. Wengi hudhani silikoni imeachia, kumbe ni tundu la milimita chache. Kabla hujalipa salio, mimina jagi la maji kwenye reli ukiwa ndani na uangalie nje. Yasipotoka mara moja, fundi bado ana kazi. Halafu shika kioo kwa mikono miwili na ukinyanyue: kikichomoka kwenye reli, hakuna kizuizi juu, na mwizi atakichomoa hivyo hivyo.

Vipimo vya ukutani visichukuliwe mara moja. Upana upimwe sehemu tatu, kimo sehemu tatu, na pembe kwa pembe pande zote mbili, kwa sababu tundu la nyumba ya zamani mara chache limenyooka. Kipimo kidogo ndicho cha kufuata, kisha iachwe nafasi ya milimita chache kila upande. Aluminiamu hutanuka: fremu ya mita 2 ikipanda nyuzi 30 huongezeka karibu milimita 1.4, na isipopata nafasi hujikunja au kuuvunja muhuri. Saruji mbichi pia huila aluminiamu, hivyo lipu ikauke kwanza, au fremu ifunikwe utepe. Kizingiti cha chini kiwe na mteremko kuelekea nje. Usiruhusu lenta ikatwe ili kupata dirisha refu. Bonde la Ufa liko jirani na matetemeko si mageni kwetu. Kupanua tundu ni kubadili jengo, na Halmashauri ya Jiji iulizwe kibali kabla ya nyundo kuanza.

Mei ni mwezi mzuri wa kazi hii, mvua zimeisha na upepo mkali haujaanza.

Jambo la mwisho ni la uhai. Ukiweka dirisha linalobana na dari ya jipsamu, fundi atataka kuziba matofali ya matundu ili vumbi na mende wasiingie. Kataa. Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na zipo familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani ili kuota moto. Nyumba ya zamani iliyovuja hewa iliwaokoa wengi bila wao kujua. Chumba kilichobana hujaa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Weka wavu mdogo juu ya matundu, na jiko libaki nje. Na katika kila chumba cha kulala, grili moja iwe ya bawaba na komeo la ndani ambalo hata mtoto anaweza kulifungua, maana moto ukianza mlangoni, dirisha ndilo njia pekee ya kutoka.

Kama bajeti inatosha madirisha manne tu mwaka huu, anza na vyumba vya kulala vya upande wa mashariki, na fedha itakayobaki panda kivuli magharibi.