Mikono Iliyopima Pumzi ya Uvimbe

Katika maabara ya Otto Warburg huko Dahlem, Berlin, miaka ya 1920, kazi ilianza na wembe. Uvimbe uliotolewa kwa panya ulikatwa kwa mkono, vipande visivyofika unene wa nusu milimita. Kipande kikiwa kinene, oksijeni haifiki katikati na seli za ndani zinakosa pumzi. Kikiwa chembamba mno, wembe wenyewe umekwisha kuharibu seli nyingi. Warburg alikokotoa oksijeni inaweza kupenya umbali gani kwenye nyama; yaliyobaki aliyaachia vidole.

Kipande kiliingizwa kwenye kichupa kilichotikiswa ndani ya maji yenye joto la mwili, na kichupa kiliunganishwa na mrija wa kioo wenye kimiminika. Seli zikivuta oksijeni, kimiminika kinasogea. Lakini hewa ya ukaa zinayoitoa ingevuruga hesabu, ndiyo maana katikati ya kichupa palikuwa na kikombe kidogo chenye potasiamu haidroksidi ya kuinasa. Kando yake kiliwekwa kichupa kingine kisicho na nyama, kwa kuwa mgandamizo wa hewa chumbani ukibadilika, kimiminika nacho hucheza. Hicho kisicho na nyama ndicho ninachokipenda zaidi. Aliyekiweka hakuwa tayari kudanganywa na chombo chake mwenyewe.

Kupima asidi ya laktiki, ambayo seli huitoa zikivunja sukari, kulitaka ufundi zaidi. Kipande kiliwekwa kwenye maji yenye bikaboneti. Asidi ikitoka hufukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye chumvi hiyo, na hewa hiyo ndiyo inayosukuma kimiminika. Hivyo ndivyo ilivyobainika kwamba uvimbe huivunja sukari kuwa asidi kwa wingi hata oksijeni ikiwa tele. Warburg akahitimisha kwamba upumuaji wa seli za saratani umeharibika. Sivyo: mitokondria, sehemu za seli zinazofanya upumuaji, zinafanya kazi katika saratani nyingi, na vichupa vyake mwenyewe vilionyesha uvimbe ukiendelea kuvuta oksijeni. Maelezo yake yamepingwa, vipimo vyake vimesimama. Hans Krebs alijifunza ufundi huo kwake, akahamia nao Uingereza, na mwaka 1937 akaeleza mzunguko wa asidi ya sitriki, ambao makao yake ni mitokondria.

Leo mitokondria hizo zinalengwa kwa dawa. Enasidenib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa aina moja ya saratani ya damu, huzuia kimeng'enya cha mitokondria kiitwacho IDH2 kilichobadilika. Dawa ya majaribio IACS-010759 ilikwenda mbali zaidi, ikaziba hatua ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji. Ripoti ya mwaka 2023 ilieleza wagonjwa walioumia neva na wengine ambao asidi ya laktiki ilipanda katika damu yao, na majaribio yakasimamishwa. Neva nazo zinaitegemea pumzi ileile. Kazi iliyobaki ni kupata dozi inayoukatia uvimbe pumzi na kuziachia neva yao, na dozi hiyo haipatikani bila kuzipima tishu zote mbili bega kwa bega.