Handaki la Zenkai: Miaka 30 Ilikwenda Wapi?

Mita 144 za handaki kwa miaka 30 hivi. Ukigawanya unapata chini ya mita 5 kwa mwaka, au sentimita moja na kidogo kwa siku. Hiyo ndiyo kasi iliyojenga Ao no Domon, njia iliyochongwa kwa nyundo na tindo kwenye korongo la Yabakei, kisiwani Kyushu nchini Japani, na kukamilika mwaka 1764. Hesabu hiyo hutajwa ili kuonyesha jinsi mwamba ulivyokuwa mgumu na mtawa Zenkai alivyokuwa mvumilivu. Uvumilivu wake siupingi. Ila mwamba, nadhani, umelaumiwa kupita kiasi.

Tuanze na tatizo lenyewe, kwa sababu halikuletwa na mlima. Mto Yamakuni unapita chini ya magenge marefu ya Kyoshuho, na zamani watu walipita kandokando ya maji. Kisha likajengwa banio la umwagiliaji, maji yakazuiwa ili yapelekwe mashambani, kina cha mto kikapanda na njia ya chini ikazama. Mashamba yakapata maji, wasafiri wakakosa pa kupita. Ikabidi wapande ubavuni mwa genge, kwenye njia nyembamba ambako mkono ulishika mnyororo wa chuma na mguu ukajitafutia pa kukanyaga. Watu na farasi walianguka mtoni wakafa. Kwa lugha ya wahandisi wa leo, Zenkai alikuwa akirekebisha athari ya mradi wa maji ambao mpango wake haukumkumbuka mpita njia.

Zenkai hakuwa mwenyeji. Alikuwa mtawa mzururaji wa dini ya Buddha, aliyefika Yabakei katika safari zake za kuzuru mahali patakatifu. Miaka ya 1730 alipata kibali cha mtawala wa eneo la Nakatsu, akaanza kuchonga.

Eneo hilo ni la volkano. Magenge ya Kyoshuho ni majivu na vipande vya mawe vilivyogandamana zamani sana. Mwamba wa namna hiyo haumsumbui mchongaji kama matale, lakini una hila zake: tindo huingia vizuri kwenye majivu yaliyogandamana, kisha ghafla hugonga jiwe gumu lililofichwa ndani na kurudi butu. Ndiyo maana kazi ya tindo haiendi bila mhunzi wa kunoa na kufua upya ncha za chuma. Baruti haikutumika. Mwashi wa mawe huchimba mifereji miwili iliyokaribiana, kisha huvunja ukingo uliobaki katikati, na kifusi huondolewa kwa mikono.

Uamuzi bora zaidi wa kihandisi hapa ni ule wa kuchagua mstari wa njia. Zenkai hakutoboa mlima kutoka upande huu hadi upande wa pili. Alifuata genge. Njia nzima ina urefu wa mita 342, na ni mita 144 tu zilizo ndani ya mwamba. Kwingine njia imekatwa ubavuni. Pale ilipoingia ndani, haikwenda mbali na uso wa genge, hivyo ikawezekana kutoboa madirisha kuelekea mtoni. Dirisha moja linafanya kazi nyingi. Linaleta mwanga, linapitisha hewa, na linamwezesha mchongaji kuona alipo bila vyombo vya kupimia. Handaki lenye madirisha haliwezi kupotea njia.

Sasa turudi kwenye miaka 30. Mwaka 1666, miongo mingi kabla ya Zenkai, Wajapani walianza kuchimba mfereji wa chini ya mlima huko Hakone ili kutoa maji ya Ziwa Ashi yakamwagilie mashamba ya upande wa pili. Ulikuwa na urefu wa mita 1,280, ukachimbwa kwa mikono kutoka pande zote mbili, mafundi wakakutana katikati, na mwaka 1670 maji yakapita. Miaka minne! Ulinganisho huu una mipaka yake, maana miamba ya sehemu hizo mbili haifanani. Lakini tofauti ya kasi inazidi mara 60, na mwamba peke yake hautoshi kuieleza. Hakone ilikuwa na mfanyabiashara wa jiji la Edo aliyeweka mtaji akitarajia faida. Zenkai alikuwa na bakuli la kuomba.

Ugumu wa Ao no Domon, basi, ulikuwa kuwalipa waashi. Maana waashi walikuwepo, tena wa kuajiriwa. Zenkai alikusanya michango kwa wanavijiji, baadaye hata watawala wa maeneo ya Kyushu wakachangia, na kazi ikaenda kadiri fedha zilivyoingia. Mwaka 1750 hatua ya kwanza ilikamilika, ikafanyiwa ibada kubwa ya uzinduzi. Hapo ndipo ilipoanza mbinu ambayo mimi naiona bora kuliko tindo lolote: tozo. Mtu alilipa mon 4, sarafu ya Japani ya wakati huo, ng'ombe au farasi mon 8, na mapato yakatumika kuendeleza uchimbaji. Kipande kilichokwisha kikagharimia kipande kilichobaki. Wajapani wengi huitaja njia hiyo kuwa barabara yao ya kwanza ya kulipia.

Simulizi inayojulikana zaidi haina habari hizo. Mwaka 1919 mwandishi Kikuchi Kan alitoa hadithi ya mtu aliyemuua bwana wake, akawa mtawa, akachimba mwamba kwa miaka 21 ili kutubu, hadi mwana wa marehemu aliyekuja kulipiza kisasi akaishia kushika nyundo naye. Ni hadithi nzuri sana, na ndiyo iliyolipa handaki umaarufu nchi nzima. Lakini kumuua bwana ni ubunifu wa mwandishi, na waashi wa kulipwa hawana nafasi katika toba ya mtu mmoja. Matokeo yake, watu wanamkumbuka Zenkai kwa misuli wakati kipaji chake kikubwa kilikuwa kupanga kazi kwa awamu na kutafuta fedha.

Alifariki mwaka 1774, miaka kumi baada ya kumaliza.

Njia yake ilitosha watu na mifugo, haikutosha magari ya kijeshi. Mwaka 1906 na 1907 jeshi la Japani lililipanua handaki ili kufikisha mizigo kwenye uwanja wake wa mazoezi wa Hijudai, na upanuzi huo ukala sehemu kubwa ya kazi ya Zenkai. Kwa hiyo, msomaji, siku ukibahatika kufika Nakatsu usihadaike na tundu pana linalopitisha magari. Hilo ni la jeshi. Tafuta vipande vya njia ya zamani na dirisha la mwanga, pale ambapo alama za tindo bado zinaonekana ukutani. Hizo ndizo zilizolipiwa kwa mon 4 za mpita njia.